Shaaban Robert: karani aliyetetea utu kwa shairi, hadithi na maisha yake mwenyewe

Ukifika Dar es Salaam utakuta mtaa wenye jina la Shaaban Robert. Utakuta pia shule ya sekondari yenye jina hilo. Waliosoma sekondari Tanzania au Kenya wengi wanakumbuka walau kitabu chake kimoja, mara nyingi Kusadikika, kwa sababu kilikuwa cha mtihani. Mtihani ukiisha, kitabu hufungwa, na mwandishi hubaki kuwa jina tu.

Katika makala hii tunaeleza kazi ya mtu huyu kwa ujumla wake. Aliandika mashairi na tenzi, aliandika hadithi ndefu, na aliandika habari za maisha: yake mwenyewe na ya mwimbaji Siti binti Saad. Watu wengi huzisoma kazi hizi moja moja, kana kwamba ziliandikwa na watu watatu tofauti. Sisi tunaona zinaeleweka vizuri zaidi zikiwekwa pamoja. Swali lake lilikuwa moja: mtu asiye na cheo wala mali afanye nini ili athaminiwe kama mtu? Swali hilo alilijibu kwa njia tatu, na kila njia ilimruhusu kusema jambo ambalo nyingine zisingeweza.

Alikuwa nani?

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Tanganyika wakati huo ilikuwa koloni la Wajerumani. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, Wajerumani walikuwa wameshashindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia na nchi ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Jina la Robert limewafanya wengine wadhani alikuwa Mkristo. Alikuwa Mwislamu, na imani yake inaonekana wazi katika mashairi yake.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926. Hakwenda chuo kikuu. Mwaka huo wa 1926 aliajiriwa kuwa karani katika idara ya forodha, na alifanya kazi hiyo Pangani na sehemu nyingine za pwani hadi mwaka 1944. Baadaye alihamishiwa idara inayohusika na wanyama, mbali na pwani yake. Mwaka 1946 alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya, na tangu 1952 katika ofisi ya upimaji wa ardhi hadi mwaka 1960.

Tunaeleza ajira yake kwa sababu inatusaidia kuyaelewa maandishi yake. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Aliandika barua za wakubwa, alijaza vitabu vya hesabu, alihamishwa alipoambiwa ahame. Mshahara wake ulitegemea serikali ileile ambayo aliona inawabagua watu kwa rangi. Vitabu vyake aliviandika nje ya saa za kazi. Mtu aliye katika hali hiyo hawezi kusema kila kitu waziwazi. Lazima achague maneno, na lazima achague pia aina ya maandishi.

Njia ya kwanza: shairi

Mashairi ndiyo yaliyomjulisha kwanza kwa watu. Kabla hatujasema aliyaandika kuhusu nini, tueleze kwa kifupi shairi la aina hiyo linavyojengwa, kwa sababu wengi wetu tunalisikia redioni bila kujua hesabu iliyo ndani yake.

Shairi la Kiswahili la jadi hupimwa kwa silabi, ambazo washairi huziita mizani. Mstari mmoja una mizani 16, na hugawanyika katika vipande viwili vya mizani minane minane. Chukua maneno haya tuliyoyatunga wenyewe kwa mfano: "Jembe langu liko wapi, limepotea shambani." Hesabu kwa vidole: je-mbe-la-ngu-li-ko-wa-pi, ni nane. Kisha: li-me-po-te-a-sha-mba-ni, nane tena. Mistari minne ya namna hiyo hufanya ubeti mmoja, na vipande hupatana kwa sauti za mwisho, yaani vina.

Utenzi ni mwepesi zaidi. Mstari wake una mizani minane tu. Ubeti una mistari minne: mitatu ya kwanza hupatana kwa kina kimoja, na wa nne hubeba kina kinachorudi ubeti baada ya ubeti mpaka mwisho wa utenzi. Ndiyo maana utenzi hufaa kwa jambo refu. Sikio likishakizoea kile kina cha mwisho, msikilizaji anaweza kuufuata kwa saa nzima bila kuwa na kitabu mkononi.

Shaaban Robert alizijua hesabu hizi barabara, na alizitumia kwa mambo ya wakati wake. Utenzi wa Vita vya Uhuru unasimulia Vita vya Pili vya Dunia, vya mwaka 1939 hadi 1945, kwa beti 3,000. Piga hesabu: hiyo ni mistari 12,000. Yeye hakuwa askari, lakini vijana wa Tanganyika walipelekwa kupigana mbali, wengine hadi Burma. Aliichukua habari iliyokuwa ikizungumzwa kila baraza, akaiweka katika umbo ambalo wazee wa pwani walilitumia kusimulia vita vya zamani. Kwa mwandishi wa koloni, neno "uhuru" katika jina la utenzi huo si dogo. Watu walioambiwa wapiganie uhuru wa wengine walikuwa na haki ya kujiuliza kuhusu uhuru wao.

Katika mashairi mafupi alikuwa wazi zaidi. Aliandika kuhusu rangi za watu na kueleza kwamba rangi ni pambo alilotoa Mungu, si kasoro. Aliisifu lugha ya Kiswahili na kuilinganisha na maziwa ya mama, ambayo hata ukionja mengine mazuri hayashindi yale ya kwanza. Leo maneno hayo yanaonekana ya kawaida. Katika miaka ya 1940, wakati kazi nzuri na vyeo vilifuata lugha ya Kiingereza na rangi nyeupe, karani Mwafrika aliyesema hivyo alikuwa anachukua msimamo.

Kitabu chake Pambo la Lugha kilichapwa Afrika Kusini, na chuo kikuu cha Witwatersrand mjini Johannesburg. Kwa kazi yake ya uandishi alipewa tuzo ya Margaret Wrong, iliyokuwa ikitolewa kwa waandishi wa Afrika, na pia nishani ya MBE ya Waingereza. Kwa hiyo wakubwa walimjua na walimtuza. Swali ni kama walisoma yote aliyokuwa akiyasema.

Njia ya pili: maisha yake mwenyewe

Mtu akiandika habari za maisha yake mwenyewe, tunaita tawasifu. Akiandika habari za maisha ya mtu mwingine, tunaita wasifu. Shaaban Robert alifanya yote mawili.

Tawasifu yake ina sehemu mbili. Ya kwanza, Maisha Yangu, ilitoka mwaka 1949. Ya pili inaitwa Baada ya Miaka Hamsini. Baada ya kifo chake sehemu hizo mbili zilichapwa pamoja, na ndivyo wasomaji wengi wanavyozipata.

Anayetarajia kusoma sifa za mtu mashuhuri atashangaa. Humo utasoma habari za mfanyakazi wa kawaida: ndoa, watoto, uhamisho, safari, ugonjwa, mshahara usiotosha, wakubwa wa kazi wa namna mbalimbali. Utasoma msiba wa kufiwa na mkewe, Amina. Utasoma mtu anayejaribu kuishi kwa heshima katika nchi ambamo heshima hugawiwa kwa rangi.

Na hapa ndipo tunaona jinsi njia zake zinavyoshikana. Katikati ya tawasifu, simulizi la kawaida linapokwama, anahamia kwenye shairi. Kifo cha Amina alikililia kwa shairi la maombolezo. Watoto wakahitaji mafundisho ya mzazi, akawatungia tenzi: Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake Mwanjaa, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume.

Kwa nini hakuwaambia tu kwa mdomo? Fikiria hali yake. Baba ameajiriwa, anaweza kuhamishwa wakati wowote, mama wa watoto amekufa, na hajui ataishi mpaka lini. Neno la mdomo husahaulika. Utenzi una vina na mizani, kwa hiyo hukaa kichwani. Mtoto akiushika akiwa mdogo, ataubeba mpaka uzeeni hata kama karatasi imeliwa na mchwa. Jina lenyewe linaeleza nia yake: hati ni maandishi ya kuthibitisha haki, kama hati ya shamba. Alimwachia binti yake hati ya maneno.

Mzazi yeyote anayefanya kazi mbali na nyumbani, awe kwenye mkonge, mgodini au mjini, ataelewa haja hiyo bila kufundishwa na mwalimu wa fasihi.

Njia ya tatu: hadithi

Tukifika kwenye hadithi, mambo yanabadilika. Katika tawasifu, karani anajitaja kwa jina na anapima maneno. Katika hadithi hayupo. Kuna nchi isiyokuwepo kwenye ramani, na katika nchi hiyo anaweza kumshitaki yeyote.

Kusadikika ilichapwa mwaka 1951. Ni nchi iliyoko angani. Ndani yake yumo kijana aitwaye Karama, na kosa lake ni kuwafundisha watu uanasheria. Waziri aitwaye Majivuno anamshitaki mbele ya mfalme na madiwani. Katika nchi hiyo, raia akijua sheria ataanza kuuliza, na kuuliza ndiko wakubwa wanakokuogopa. Karama anaomba ajitetee, na utetezi wake unachukua siku sita.

Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe. Kusadikika iliwahi kutuma wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waende pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, juu na chini. Waliteseka njiani, waliona mambo mema ya nchi nyingine, wakarudi na mapendekezo ya kuiboresha nchi yao. Kila aliyerudi alifungwa gerezani. Karama anauliza, kwa namna yake: nchi inayowafunga watu wake bora inategemea kuendelea kwa nguvu za nani? Mwishowe mfalme anawafungua wajumbe, na Karama anashinda kesi.

Hadithi ya namna hii tunaiita istiara. Maana yake ni hadithi inayosema jambo moja huku ikielekeza kwenye jambo jingine. Ukiambiwa kuna nchi ambamo anayeleta wazo jipya hufungwa, unaanza kuangalia nchi yako. Mwandishi hajakutajia gavana wala mkuu wa wilaya. Akiulizwa, atasema ameandika hadithi ya angani. Kinga yake ilikuwa hiyo, na ndiyo iliyokipa kitabu maisha marefu: wasomaji wa baada ya uhuru nao wamekisoma na kutafuta wajumbe na mawaziri wa zama zao.

Angalia pia majina. Majivuno ni mtu wa majivuno. Karama ni mtu mwenye kipawa. Hii ni desturi ya ngano za bibi na babu, ambamo jina hukuonya mapema. Kwa msomaji aliyezoea kusikiliza kuliko kusoma, majina haya yanarahisisha safari.

Hadithi nyingine zinakwenda njia hiyohiyo. Katika Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, mfalme Rai anastaajabu kusikia kwamba Adili, mtawala mwenye sifa njema, huwapiga manyani wawili kila usiku kisha huwalisha na kuwapangusa machozi. Siri ikifunuliwa, manyani hao ni nduguze wa damu, Hasidi na Mwivu, waliomtendea ubaya kwa sababu ya husuda. Wazo la kisa linafanana na visa vya Alfu Lela Ulela, lakini swali lake liko katika kila ukoo unaogombea urithi: unamfanyia nini ndugu aliyekutupa baharini, naye bado ni ndugu yako?

Katika Kufikirika, mfalme na malkia hawana mtoto. Mtoto anapatikana, kisha inatakiwa kafara ya watu wawili, mwerevu mmoja na mjinga mmoja, ili aokolewe. Ndani ya hadithi inasimama hoja dhidi ya kumwaga damu ya raia kwa ajili ya mkubwa. Na hoja hiyo inamtetea mjinga sawasawa na mwerevu. Hilo ni muhimu, kwa sababu watu wengi hupigania haki za werevu tu.

Ipo pia Utubora Mkulima, ambayo tungependa wasikilizaji wetu wa vijijini waijue zaidi. Utubora anaiacha kazi ya mshahara na kwenda kijijini kulima. Kwa macho ya wengi, hata leo, hiyo ni kushuka. Mzazi humsomesha mtoto ili atoke shambani. Shaaban Robert, yeye mwenyewe karani wa maisha, aliandika kitabu kizima kueleza kwamba jembe linaweza kumpa mtu uhuru na utulivu ambao ofisi haikumpa. Unaweza kusema aliipamba kazi ngumu ambayo hakuwa akiishi kwayo, na lawama hiyo ina uzito: ukame, bei na wanyama waharibifu havimwogopi mtu mwema. Hata hivyo, mkulima kuwekwa katikati ya riwaya kama mtu mwenye akili na heshima, badala ya kuwa mtu wa kuchekwa, halikuwa jambo dogo.

Siti binti Saad

Kitabu kimoja kinakusanya yote tuliyoyasema: Wasifu wa Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika familia maskini. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu na kutembea kwa miguu kwenda kuviuza mjini, akinadi kwa sauti, na sauti hiyo ndiyo iliyomtoa. Akajifunza kuimba, akaingia katika taarabu, na akaimba kwa Kiswahili wakati taarabu ya majumba ya wakubwa ilikuwa ya Kiarabu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, kurekodi santuri. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa namna hiyo, na santuri zake zilisikika pwani yote na bara. Aliimba pia habari za dhuluma zilizotokea mjini, ikiwemo kesi ya mauaji ya mwanamke katika wimbo wa Kijiti. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert alizungumza naye kabla hajafa, na maelezo hayo ndiyo aliyoyatumia kuandika wasifu wake.

Kwa nini mshairi maarufu atumie muda wake kwa muuza vyungu aliyegeuka mwimbaji? Kwa sababu Siti alikuwa jibu hai la swali lake. Hakuwa na mali, hakuwa na ukoo mkubwa, hakwenda shule, na watu wa mjini walimdharau kwa hayo. Akapata heshima kwa kazi ya kinywa chake. Katika Kusadikika, Karama anatungwa. Hapa hakuhitaji kumtunga mtu.

Wasomaji wanabishana wapi?

Haifai tumsifu tu. Zipo hoja mbili ambazo wasomaji wamekuwa wakizitoa, nasi tunaona zina msingi.

Ya kwanza ni kwamba wahusika wake wa hadithi ni weupe sana au weusi sana. Mwema ni mwema mwanzo hadi mwisho. Mbaya ana jina la ubaya. Watu tunaoishi nao hawako hivyo: jirani huyohuyo anakusaidia msibani na kuiba mpaka wa shamba lako. Waandishi waliokuja baadaye, kama Euphrase Kezilahabi aliyetoa Rosa Mistika mwaka 1971, waliandika watu waliochanganyika zaidi. Kezilahabi mwenyewe aliandika tasnifu nzima ya kuzichambua riwaya za Shaaban Robert. Alimhakiki kwa sababu alimwona anastahili kuhakikiwa.

Ya pili inahusu wanawake. Katika Utenzi wa Hati anamshauri binti yake kuhusu unyumba na utii kwa namna ambayo wasichana wengi wa leo hawataikubali yote. Lakini ni mwandishi huyohuyo aliyemsifu Siti, mwanamke aliyeondoka kijijini kwake, akasimama mbele ya watu na kuishi kwa jasho lake. Vitabu hivi viwili havipatani kabisa. Sisi hatuoni haja ya kuvilazimisha vipatane. Baba anayemwogopea binti yake na msanii anayemheshimu msanii mwenzake wanaweza kukaa katika mtu mmoja. Usomeni utenzi huo pamoja na binti zenu, kisha waulizeni wanaafiki wapi na wanakataa wapi. Mazungumzo hayo yatakuwa na faida kuliko kuukariri.

Vitabu vilivyomfuata kaburini

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi michache tu baadaye, akiwa na umri wa miaka 53. Sehemu kubwa ya vitabu vyake ilikuwa bado haijachapwa. Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru zilitoka mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka mwaka 1968. Diwani kadhaa za mashairi nazo zilitoka baada ya kifo chake.

Fikiria maana yake. Utenzi wa vita vilivyokwisha 1945 uliwafikia wasomaji zaidi ya miaka ishirini baadaye. Kuandika peke yake hakutoshi: lazima awepo mwenye mitambo, mwenye fedha na mwenye kuamua kwamba kazi yako inafaa kuchapwa. Mwandishi wa Kiswahili katika koloni alivitegemea vyote hivyo kwa watu wa mbali. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958 zilihifadhiwa, na Profesa M. M. Mulokozi alizihariri zikawa kitabu. Kama zisingetunzwa na familia, tungekosa sehemu nzima ya maisha yake.

Kwa hiyo kama nyumbani kwako kuna daftari la tenzi za bibi, kaseti za mzee aliyekuwa akiimba kwenye ngoma, au barua za zamani ndani ya sanduku, usizichome wala kuzifungia maandazi. Zifunike vizuri mahali pakavu. Leo simu inaweza kupiga picha kila ukurasa na kurekodi sauti ya mzee angali hai.

Uanzie wapi?

Kama hujawahi kumsoma, au ulimsoma kwa ajili ya mtihani tu, mpangilio wetu ni huu.

Anza na Adili na Nduguze. Ni kifupi na kinasomeka kama ngano ya jioni. Unaweza kuwasomea watoto kwa sauti.

Kisha soma Kusadikika, safari hii bila kukariri majina ya wajumbe. Jiulize tu: katika kijiji chetu, nani alikwenda, akaona, akarudi na wazo, na tulimpokeaje?

Halafu soma Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Utakapokutana na tenzi ndani yake, usiziruke. Zisome kwa sauti, polepole, ukihesabu mizani kwa vidole mara chache za mwanzo. Baada ya beti tano sita, sikio litahesabu lenyewe.

Mwisho soma Wasifu wa Siti binti Saad, na ukiweza tafuta nyimbo zake usikilize.

Vitabu hivi hupatikana katika shule nyingi za sekondari na maktaba za mikoa. Mwulize mwalimu wa Kiswahili wa shule iliyo karibu nawe. Kama mko kikundi cha wasikilizaji, nakala moja inawatosha: mmoja anasoma, wengine wanasikiliza. Mashairi yake hayatapungukiwa na kitu kwa kusomwa hivyo, maana mizani na vina vilitengenezwa kwa ajili ya sikio.